Manasu Mallige

Manasu Mallige ni filamu ya mapenzi ya Kikannada iliyotoka mwaka 2017 nchini India. Iliongozwa na S. Narayan na kutayarishwa na Rockline Venkatesh. Ni toleo jipya la *Sairat* (2016), filamu ya Kimarathi ya Nagraj Manjule. Rinku Rajguru, aliyeanza uigizaji katika *Sairat*, alirudia nafasi yake ya binti wa tajiri. Nishanth, aliyekuwa mgeni katika filamu, aliigiza mpenzi wake. Muziki ni wa Ajay-Atul.

Kisa ni cha vijana wanaotoroka kwao kwa sababu tabaka zao haziruhusu waoane. *Sairat* huishia na mtoto mdogo wa wapenzi hao akitembea, nyayo zake zikiacha alama za damu ya wazazi wake.