Kutayarisha Toleo Jipya la Lugha: Funzo la Kiluhya Sanifu na la Lugha ya Kompyuta

Utangulizi

Lugha za kompyuta zina desturi moja ambayo huenda ikamshangaza mwanaisimu: zina matoleo yenye nambari. Lugha hutungwa, hutumiwa, kasoro zake hudhihirika, kisha watunzi wake hutayarisha toleo jingine na kulitangaza kwa tarehe maalumu. Hata hivyo, jambo hilo si geni katika Magharibi ya Kenya. Miaka kadhaa kabla ya lugha ya kompyuta ya Fortran kutolewa mwaka 1957, jaribio la kutayarisha na kutangaza toleo jipya la lugha lilikwisha kufanywa huko, na lugha yenyewe ilikuwa ya watu. Makala haya yanakusudia kulinganisha matukio hayo mawili, na kuonyesha kwamba ugumu mkubwa hauko katika kutunga toleo bali katika kuwahamisha watumiaji wake.

Kiluhya sanifu

Misheni zilizofika Magharibi ya Kenya ziligawana nchi, na kila moja ikaandika lahaja iliyoikuta. Friends walianza Kaimosi mwaka 1902 na vitabu vyao vikawa vya Kilogooli, ambacho kilipata Agano Jipya mwaka 1925. CMS walifungua kituo Butere mwaka 1912, wakaelekea upande wa Kiwanga na lahaja jirani. Matokeo yake ni kwamba watu walioanza kujiita Abaluhya katika miaka ya 1930 na 1940 walikuwa na jina moja na maandishi mengi.

Mapema katika miaka ya 1940 iliundwa kamati ya lugha ili kuondoa hali hiyo. Bi. L. L. Appleby wa CMS ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi: msamiati ulitoka mwaka 1943 na sarufi mwaka 1947. Kanuni zilizochaguliwa zilielemea lahaja za katikati, yaani Kiwanga na jirani zake. Uchaguzi huo ulikuwa na sababu za kiisimu, kwani lahaja hizo zilieleweka na wengi. Lakini kila kanuni ya tahajia ilikuwa na mwenyewe na asiye mwenyewe. Kwa mfano, "watu" ni abandu kwa Kiwanga, avandu kwa Kilogooli na babandu kwa Kibukusu. "Mti" ni omusala kwa Kiwanga, lakini kwa Kibukusu ni kumusala, na "miti" ni kimisala. Kitenzi kisichonyambuliwa huanza na okhu- kwa Kiwanga, khu- kwa Kibukusu na ku- kwa Kilogooli. Tofauti hizi si za matamshi tu, bali zinagusa viambishi vya ngeli, ambavyo hujitokeza karibu katika kila sentensi. Mbukusu aliyefungua kitabu kipya hakuhitaji kufika ukurasa wa pili ili atambue kwamba hakikuandikwa kwa kinywa chake.

Bungoma na Kitale

Walogooli hawakuwa na sababu ya kuacha maandishi yao. Walikuwa na Agano Jipya, na mwaka 1951 wakapata Biblia nzima kwa lahaja yao. Upinzani wa Wabukusu wa Bungoma ulikuwa na sura nyingine. Wao hawakuwa na hazina kubwa ya vitabu ya kuilinda. Walilinda nafasi yao. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewaita kwa muda mrefu Kitosh, jina walilopewa na wengine. Kwa watu wa namna hiyo, kuambiwa waandike omusala badala ya kumusala hakukuwa suala la tahajia peke yake.

Kitale panaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Mji huo ulikua katikati ya mashamba ya walowezi wa Kizungu, ambako Wabukusu wengi walifanya kazi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 wengi wao walipata ardhi huko, wakiwa majirani wa Waluhya wengine, Wasabaot na makabila mengine. Kazi ambayo Kiluhya sanifu kiliahidi, yaani kuwaunganisha watu wa vinywa mbalimbali, tayari ilikuwa ikifanywa na Kiswahili.

Kiluhya sanifu hakikufa: kilipata Agano Jipya mwaka 1968 na Biblia nzima mwaka 1975. Lakini hakikuwa cha wote, na baadaye Wabukusu walipata tafsiri yao wenyewe ya Agano Jipya.

Mfano wa Python

Mnamo tarehe 3 Desemba 2008 watunzi wa lugha ya Python, wakiongozwa na Guido van Rossum wa Uholanzi, walitoa toleo la 3.0. Wao pia walivunja kanuni za zamani kwa makusudi. Neno print, lililotumika kama amri, likawa kitendaji kinachohitaji mabano. Na 7 ikigawanywa kwa 2, ambayo zamani ilitoa 3, sasa ikatoa 3.5. Badiliko la kwanza hujifichua lenyewe, kwa kuwa mashine hukataa sentensi ya zamani. La pili ni la hatari zaidi: sentensi hukubaliwa lakini maana imegeuka.

Watunzi hao walitoa programu ya kufasiri maandishi ya zamani, na hawakulifunga toleo la pili. Toleo la 2.7 lilitoka mwaka 2010, baada ya lile la tatu, na utunzaji wake uliokusudiwa kukoma mwaka 2015 ukasogezwa hadi tarehe 1 Januari 2020. Uhamisho ulichukua zaidi ya miaka kumi, ingawa msomaji wa mwisho wa maandishi hayo ni mashine isiyo na ukoo wala kiburi.

Hitimisho

Ulinganisho huu una mpaka wake. Watunzi wa Python waliweza kutaja siku ambayo toleo la zamani lingeachwa. Hapana kamati iwezayo kutaja siku ambayo mama wa Bungoma ataacha kusema kumusala. Hata hivyo, funzo ni moja. Anayetayarisha toleo jipya hana budi kuhesabu, pamoja na uzuri wa kanuni zake, vitabu vilivyokwisha kuandikwa, muda wa kuishi na matoleo mawili, na faida itakayomfikia yule anayetakiwa kubadilika zaidi ya wengine. Huko Butere kanuni zilipimwa kwa uangalifu. Gharama ya Mbukusu haikupewa uzito uleule. Wanaopanga leo tahajia za lugha za Kenya kwa ajili ya shule na kompyuta wanakabiliwa na hesabu ileile.