Wimbo Uliotoka Katika Daftari la Mwalimu

Mwanafunzi wa Tanzania anayeimba wimbo wa taifa mstarini anafuata tuni ya mwalimu wa kwaya aliyefariki mwaka 1905, tena hakuwahi kuwa Mtanganyika.

Enoch Sontonga, Mxhosa kutoka Uitenhage, alifundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Nyimbo zake aliziandika kwenye daftari kwa solfa, zile d, r, m ambazo walimu wa kwaya zetu bado wanaziandika ubaoni. Solfa ilienezwa Uingereza na mchungaji John Curwen kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipia mafunzo ya muziki. Wamisionari wakaja nayo Afrika ili waumini waimbe tenzi kwa sauti nne bila kupotoka. Ni herufi na alama chache za mapigo. Haidai kinanda wala mistari mitano. Kwa hiyo mwalimu mweusi asiye na mchapishaji naye alikuwa na njia: mwenzake akinakili ukurasa leo, kwaya ya kijiji cha pili inaujua wimbo wiki ijayo.

Nkosi Sikelel' iAfrika, wimbo wenye tuni hiyo ya mstarini, aliutunga mwaka 1897. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani, kwa Kixhosa, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji Mtsonga. Wakati huo kulikuwa na makoloni mawili ya Waingereza na jamhuri mbili za Makaburu. Nchi moja ya Afrika Kusini haikuwapo bado. Sontonga aliziruka zote, na kabila lake pia, akaiombea Afrika. Sala tupu, lakini kwangu ndiyo siasa yenyewe.

Kwaya ya Ohlange, shule ya John Dube, ikautembeza. Tarehe 8 Januari 1912, chama kilichokuja kuitwa ANC kilipoundwa Bloemfontein, uliimbwa kufunga kikao. Sol Plaatje, katibu wake wa kwanza, aliurekodi London mwaka 1923. Miaka 4 baadaye mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti 7.

Mtunzi mwenyewe alipotea. Kwa miaka mingi kaburi lake lilitafutwa katika makaburi ya Braamfontein chini ya jina la Sontonga, bila mafanikio. Mwisho likagunduliwa: karani alikuwa ameandika "Enoch" tu, jina la ubatizo, kana kwamba hakuwa na ukoo. Septemba 1996 Mandela alifika hapo kulitangaza kumbukumbu ya taifa.