Nembo

Kakamega, wanaotazama mechi za timu ya soka ya Homeboyz kwenye runinga huiita "logo" ile alama ya stesheni iliyo pembeni mwa skrini. Tunalo neno zuri zaidi: nembo. Zamani nembo zilikuwa chale zilizochanjwa mwilini kwa urembo au kumtambulisha mtu na kabila lake, alama zisizofutika. Nayo ya stesheni haibanduki kwenye picha, ndiyo maana neno limeikaa vizuri kuliko chapa, ambayo hunikumbusha ng'ombe. Picha ya HD ina hadi mistari 1080, ya zamani 576, kwa hiyo nembo ndogo husomeka bila shida. Basi ipunguzwe! Ikijumlishwa na matokeo, utepe wa habari na matangazo, humziba winga anayekimbilia kona pale uwanjani Bukhungu.