Alikuja na njaa

Jamani, kuna jambo limenikaa kooni tangu likizo ya mwisho nilipokwenda nyumbani Kishapu. Tulikuwa tunakula michembe na bibi, nikamwomba anihesabie ukoo wetu kurudi nyuma. Akashuka nao bila kusita: fulani ng'wana fulani, fulani ng'wana fulani. Alipofika kwa bibi yake mzaa mama akataja jina tu, akanyamaza.

Nikauliza, ng'wana nani? Msukuma gani asiye na "ng'wana"?

Bibi akatazama nje. "Huyo alikuja na njaa. Alinunuliwa kwa mtama, binti mdogo. Kula."

Shuleni tulifundishwa utumwa wa minyororo, pembe za ndovu na soko la Zanzibar. Soko likafungwa 1873, mwalimu akafuta ubao. Hatukuambiwa kwamba huku bara mambo yaliendelea. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Walitangaza tu kuwa watoto watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru. Marufuku kamili Tanganyika ilikuja 1922, chini ya Mwingereza. Nikipiga hesabu, yule binti alikuwa mtoto miaka ya 1890, sotoka ilipokuwa imefyeka ng'ombe wa Usukumani. Zizi tupu, ghala tupu. Kilichobaki cha kubadilishana ni mtoto.

Nikaanza kusaka vitabu vyenye mtoto wa namna hiyo. Nikamkuta Swema, binti wa Kiyao wa miaka ya 1860. Baba alikufa, mama akakopa mtama, akashindwa kulipa, mdai akaja kuwachukua. Swema akauzwa kwa msafara. Mama akaomba afuatane nao, abebe mzigo bure, ilimradi asiachane na mwanawe. Akaishia njiani. Swema alifika Zanzibar hoi, wakamfukia akiwa bado anapumua! Kijana mmoja akamsikia, akamfukua, akampeleka kwa mapadre wa Kifaransa. Kisa chake kilitolewa kitabu Paris mwaka 1870 na Gaume. Kiliandikwa kuwagusa waumini wa Ulaya, kwa hiyo kisome kwa jicho la mwanahabari. Lakini lile deni la mtama mimi naliamini.

Yusuf naye, katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994 ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa jina la Peponi, ana miaka 12 tu anapokabidhiwa kwa tajiri aliyemdai baba yake. Hakuna bunduki wala mnyororo. Anapandishwa treni na kuambiwa anakwenda kwa mjomba.

Sasa nimeanza kuandika hadithi ya binti wa Kishapu, kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha pili. Nimekwama. Hadithi za namna hii zinataka mtoto atoroke, na mimi sijui nimkimbizie wapi. Nyumbani ndiko alikouzwa. Kijiji cha jirani nacho kina njaa, na anayemwokota barabarani anaweza kumuuza tena. Mapadre wa Swema hawako hapa.

Wiki iliyopita nikampigia bibi. Nikamuuliza, hivi huyo bibi yako hakuwahi kutoroka?

"Alitoroka mara moja, mjukuu wangu. Siku ya tatu akarudi mwenyewe. Alisema alifika njia panda akakumbuka hajui kwao ni upande gani."