Mbwa Aliyepona na Vimelea Alivyobaki Navyo

Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, wafugaji wa mbwa katika Koloni la Rasi, kusini mwa Afrika, walikuwa wakipoteza wanyama wao kwa ugonjwa uliokwenda mbio. Leo mbwa amekataa chakula, kesho fizi zimempauka, kisha macho yanageuka manjano na mkojo unatoka rangi ya kahawa. Wengi hawakumaliza wiki. Kwa kuwa kilichoonekana ni manjano, ilikuwa rahisi kulishuku ini, lakini chanzo kilikuwa ndani ya damu.

Njia ya kukifikia chanzo hicho ilifunguliwa kwanza na ng'ombe. Mwaka 1888 Victor Babeș wa Romania aliona vijidudu ndani ya chembe nyekundu za ng'ombe waliokuwa wakikojoa damu. Mwaka 1893 Wamarekani Theobald Smith na F. L. Kilborne walionyesha kwamba homa ya namna hiyo nchini kwao huenezwa na kupe, na miaka michache baadaye Robert Koch alikuja kuichunguza kwa ng'ombe wa Dar es Salaam. Kwa upande wa mbwa, Waitalia Piana na Galli-Valerio walivieleza vimelea vyao mwaka 1895: vina umbo la tone, hukaa viwili viwili ndani ya chembe moja, ncha zao zikikaribiana.

Swali la nani anavibeba lilijibiwa na Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya Rasi, mwaka 1901. Alichukua majike ya kupe walioshiba damu ya mbwa wagonjwa, akayaacha yatage, kisha akawalea watoto wao hatua kwa hatua. Lava walimng'ata mbwa mzima, asiugue. Tunutu nao wakamng'ata, asiugue. Ni pale walipokuwa kupe kamili ndipo kung'ata kwao kulipoleta ugonjwa, ingawa wao wenyewe hawakuwahi kumgusa mbwa mgonjwa. Vimelea vilikuwa vimepita ndani ya yai kutoka kwa mama. Mtu mwenye haraka angeishia kwenye lava na kutangaza kwamba kupe hana hatia.

Tiba ilifuata upesi. Paul Ehrlich alikuwa ameonyesha Ujerumani kwamba rangi za viwandani zinaweza kuua vimelea vya damu, na mwaka 1909 George Nuttall na Seymour Hadwen, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, waliwadunga mbwa wagonjwa rangi iitwayo tripani bluu. Fizi na macho ya mbwa viligeuka buluu, vimelea vikatoweka kwenye hadubini, na mbwa waliokuwa wakingoja kufa wakaanza kula.

Hata hivyo vimelea havikuwa vimekwisha. Baada ya siku kadhaa vilirudi kuonekana, vichache, bila mbwa kuugua tena. Damu ya mbwa wa namna hiyo ilipotiwa kwa mbwa mwingine ilimwangusha, ilhali mwenye damu alizunguka akiwa na afya yake, na hata kupe wapya walipomng'ata hakudhurika. Dawa ilipunguza adui, na mwili ukamaliza kazi bila kummaliza adui mwenyewe.

Hali hiyo ilielezwa kwa namna mbili. Edmond Sergent na wenzake, katika Taasisi ya Pasteur mjini Algiers, walishikilia kwamba katika magonjwa ya aina hii kinga hudumu kadiri vimelea vichache vinavyobaki mwilini, na vikiisha nayo huisha. Wengine waliona kwamba mwili una kumbukumbu yake, na hauhitaji adui akae ndani ndipo umtambue. Mabishano hayo yasingeweza kuamuliwa kwa tripani bluu, kwa sababu haikuwa na nguvu ya kumsafisha mbwa. Zilihitajika dawa kali zaidi. Diminazini ilikuja mwaka 1955, kisha imidokabu, ambayo kwa dozi ya kutosha huweza kufuta baadhi ya vimelea hivi kabisa. Majaribio yaliyofanywa Ubelgiji katika miaka ya 1990 kwa mbwa waliotibiwa hivyo yalionyesha kwamba kinga iliendelea kwa miezi kadhaa, kisha ikafifia. Kwa maoni yangu kila upande ulipata nusu: kumbukumbu ipo, ila ni fupi, na vimelea vinavyobaki ndivyo vinavyoikumbusha.

Kabla ya hapo swali zito zaidi lilikuwa limejitokeza. Kwa nini mbwa mwenye vimelea haba kwenye damu aliweza kufa? Mwaka 1957 Brian Maegraith na wenzake wa Liverpool, waliokuwa wakitafuta mfano wa malaria ya binadamu, waliona kwamba kupasuka kwa chembe nyekundu pekee hakuelezi mauti hayo. Shinikizo la damu linashuka na viungo vinakosa hewa. Baadaye watafiti wa Onderstepoort, Afrika Kusini, waliongeza sehemu ya pili ya jibu. Kingamwili, ambazo kazi yake ni kushika vimelea, hujibandika pia kwenye chembe nzima, nazo chembe hizo zinapopita kwenye wengu humezwa kana kwamba zimeambukizwa. Pamoja na hayo, mwili humwaga kemikali za kuamsha uvimbe kiasi cha kumdhuru mwenyewe.

Hapo ndipo tiba inapokuwa ngumu. Dawa inaweza kuondoa vimelea, na bado mwili ukaendelea kubomoa damu yake. Baadhi ya madaktari wa mifugo huongeza prednisoloni ili kuutuliza, na wengine huogopa kwamba wanainyang'anya silaha kinga ambayo mbwa angali akiihitaji. Tripani bluu yenyewe iliendelea kutumika Afrika Kusini kwa miongo mingi, hasa kwa mbwa walio hoi, ambao diminazini ingeweza kuwaangusha.

Chanjo iliyotolewa Ufaransa katika miaka ya 1980 ililenga kupunguza madhara, si kumaliza vimelea. Ilitengenezwa kwa kemikali ambazo vimelea huziachia kwenye maji ya maabara, na mbwa waliochanjwa waliambukizwa bado, ila waliugua kidogo. Lakini haikufaa kila mahali, na mwaka 1989 Gerrit Uilenberg na wenzake walieleza kwa nini: vimelea vya mbwa vilivyodhaniwa kuwa kimoja ni vitatu, kila kimoja na kupe wake, na kinga dhidi ya kimoja haimtoshi mbwa akikutana na kingine.

Kilicho kikali kuliko vyote, kile cha Afrika, kinaitwa rossi. Nuttall alikipa jina hilo mwaka 1910 kutokana na damu ya mbweha wa Kenya, kwa heshima ya P. H. Ross, mtaalamu wa bakteria wa serikali mjini Nairobi. Mwaka 2017 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha ushahidi kwamba mbweha wa mgongo mweusi ndiye mwenyeji wake wa asili, na kwamba hukibeba bila kuugua. Wapo wanaosema ni matokeo ya vizazi vingi vya kuzoeana, huku mbwa wa kufugwa akiwa mgeni kwa kimelea hiki. Wapo pia wanaokumbusha kwamba mbweha hung'atwa na kupe tangu akiwa mdogo, na kinga yake haipati nafasi ya kufifia.