Pamba ya Ukiriguru na shule ya jirani

Ukitoka Mwanza mjini ukapita Usagara, hauko mbali na Ukiriguru. Ni mahali palipo wilayani Misungwi, na huenda umelipita jina hilo bila kulifikiria. Lakini ukiona mfuko wa mbegu za pamba ulioandikwa UK91 au UKM08, hizo herufi mbili za mwanzo ni Ukiriguru. Tangu miaka ya 1930 watafiti wa kituo hiki wamekuwa wakichagua na kuchanganya mbegu. Moja ya mafanikio yao ya mwanzo ilikuwa pamba yenye majani yenye vinyweleo, kwa sababu jasidi, kadudu kadogo kanakofyonza utomvu wa majani, hakapendi kabisa jani lenye manyoya.

Sasa, mbegu ni jambo moja. Kumfanya mtu abadili namna anavyolima ni jambo lingine.

Watafiti hao waligundua pia kwamba matuta yakizibwa kwa udongo kila baada ya hatua chache, maji ya mvua yanatuama katikati badala ya kukimbia na rutuba. Kisayansi walikuwa sahihi. Tena Wasukuma walikuwa wanalima kwa matuta tangu zamani, kwa hiyo hatua iliyobaki ilikuwa fupi. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ikaanzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, na ushauri ukageuka amri: ziba matuta, weka samadi, punguza ng'ombe. Usipotii, faini. Unajua kilichotokea? Watu walitii bwana shamba akiwepo, akiondoka basi. Chuki ikakua hadi ikaingia kwenye siasa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 nyingi ya sheria hizo zikalegezwa. Maofisa wengine waliishia kusema mkulima wa Kisukuma ni mkaidi, hapendi mabadiliko.

Mimi sikubali, na ushahidi uko palepale. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 plau za kukokotwa na ng'ombe zilienea Usukuma kwa kasi, na mkulima alinunua kwa hela yake ya pamba bila kulazimishwa na mtu. Aliona kwa shemeji yake eka ngapi zimelimwa kabla mvua haijakolea, akaazima, akajaribu, akanunua. Mkaidi gani huyo?

Usidhani hili ni la kwetu tu. Mwaka 1943 wanasosholojia wawili wa Marekani, Bryce Ryan na Neal Gross, walichapisha utafiti kuhusu mahindi chotara katika jimbo la Iowa. Kati ya wakulima 259, wote isipokuwa wawili walikuwa wamezipokea mbegu hizo kati ya 1928 na 1941. Wengi walisikia habari zake kwanza kwa wauzaji, lakini aliyewashawishi kuzipanda alikuwa jirani. Taarifa inaweza kutoka kwa mtaalamu. Imani unaipata kwenye shamba unalolipita kila siku.

Usukuma palikuwa na shule ya namna hiyo kabla ya kituo chochote cha utafiti. Vijana wa kijiji walikuwa na kikundi cha kulima kwa zamu, elika, wakilima kwa mdundo wa ngoma. Bugobogobo, ile ngoma ya majembe unayoiona kwenye sherehe, imetoka huko. Asiyejua kulima hakupewa somo, aliingia kwenye mstari akafuata mkono wa aliye pembeni yake. Akichelewa, anaonekana. Akiwa hodari, anaonekana pia, na sifa inafika kijiji cha pili. Ukiongeza ushindani wa Wagalu na Wagika, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu karne ya 19, utaelewa kwa nini habari zilisafiri haraka.

Lililonivutia kuliko yote ni mizani. Wakulima walishuku kwamba wanunuzi wanawapunja kilo, lakini kushuku si kujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vikundi vyao vikaweka wapimaji wao wenyewe, watu wanaojua kusoma mizani, wapime pamba kabla mnunuzi hajaigusa. Mkulima mmoja akiona namba mbili zisizolingana, jioni kijiji kizima kinajua. Kutoka kwenye vikundi hivyo, Paul Bomani na wenzake walijenga muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, VFCU, mwaka 1955, nao ukaja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Wengi wa wanachama wake hawakuwa wamekaa darasani. Kusoma mizani walijifunza wakiwa wamesimama kwenye foleni, nyuma ya mtu aliyekuwa anajua.