Miaka Arobaini ya Kutafuta Kompyuta Isiyochemka

Mwaka 1983 maduka ya Radio Shack nchini Marekani yalianza kuuza kompyuta ndogo iliyotengenezwa na kampuni ya Kyocera ya Japani. Iliitwa TRS-80 Model 100. Ukubwa wake ulikuwa wa daftari pana, uzito kilo moja na nusu hivi, na kioo chake kilionyesha mistari minane tu ya maandishi, kila mstari herufi 40. Haikuwa na feni. Ilitumia betri nne ndogo za kawaida, zile zinazowekwa kwenye saa ya ukutani, na kwa betri hizo nne mtu aliweza kuandika kwa saa 20 hivi. Waandishi wa habari waliipenda mno. Ripota alimaliza kuandika, akaunganisha simu na modemu iliyokuwa ndani ya mashine, habari ikafika chumba cha habari. Betri zikiisha, alivuka barabara akanunua nyingine dukani.

Saa 20! Mnunuzi wa leo anayezunguka Kariakoo au barabara ya Luthuli jijini Nairobi akitafuta mashine ya kazi angefurahi kuambiwa nusu yake. Swali lake la kwanza huwa "inakaa na chaji?" na la pili "haipati moto?", na wauzaji huyajibu kana kwamba ni mambo mawili. Ni jambo moja. Kompyuta haiinui mzigo wala haisukumi maji. Ukiondoa mwanga wa kioo na mawimbi kidogo ya Wi-Fi, umeme wote unaotoka kwenye betri huishia kuwa joto. Mashine inayounguza mapaja ndiyo hiyo hiyo inayozima kabla ya saa sita mchana. Na historia ya kompyuta mpakato, ukiitazama kwa wati zake, haikupanda moja kwa moja. Miongoni mwa mashine za mwanzo zilikuwamo baridi na zenye kudumu. Kisha biashara nzima ikapotea njia kwa miaka mingi ikifukuzia kasi, na kurudi kwake kulichukua muda.

Si kwamba mashine zote za mwanzo zilikuwa na adabu hiyo. Osborne 1, iliyotoka Aprili 1981, ilikuwa na kilo 11, kioo cha inchi 5, na ilihitaji soketi ya ukutani. Iliuzwa kama kompyuta ya kubebeka, jambo lililotegemea zaidi misuli ya mbebaji. Mwaka uliofuata ikaja GRiD Compass, iliyochorwa na Mwingereza Bill Moggridge, ambayo kioo chake kilikunjwa juu ya kibodi namna tulivyozoea leo. Ganda lake lilikuwa la magnesiamu, ili liwe gumu na pia lipitishe joto la ndani hadi nje. Kwa bei ya dola 8,150 ilibaki kuwa mashine ya wakubwa wa kampuni, ya jeshi na ya NASA. Ilipopelekwa angani ndani ya chombo cha Shuttle mwaka 1983, ilibidi iongezewe feni: mahali pasipo na uzito hewa ya moto haipandi juu, inabaki imekizunguka kifaa.

Apple nao wakajaribu dawa kali. Macintosh Portable ya mwaka 1989 iliwekewa betri ya risasi na asidi, ndugu wa betri ya gari. Ilikaa na chaji kati ya saa 6 na 12, ila kwa kilo 7 na dola 6,500. Ilikuwa na kituko kingine pia. Betri ikifa kabisa, mashine haikuwaka hata ikichomekwa ukutani, kwa kuwa umeme ulipitia kwenye betri kwanza.

Kilichobadilisha mambo ni lithiamu. Stanley Whittingham aliianza kazi ya betri za lithiamu miaka ya 1970 akiwa kampuni ya Exxon. Mwaka 1980 John Goodenough, akiwa Oxford, akaonyesha kwamba oksidi ya kobalti inaweza kuhifadhi lithiamu na kutoa volti kubwa zaidi. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani akaunda betri iliyofaa kuuzwa, na mwaka 1991 Sony wakaiingiza sokoni. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, Goodenough akiwa na umri wa miaka 97.

Hapo kwenye kobalti ndipo habari hii inapowafikia wasemaji wa Kiswahili, tena kwa gharama. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika ukanda wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na ya shimoni. Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyoundwa mwaka 1906, ilifuata shaba huko; kobalti ilitoka pamoja nayo. Betri ndizo zilizoipandisha cheo. Katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, watu walichimba mashimo ndani ya viwanja vyao, wengine chini ya sakafu za nyumba zao. Mwaka 2016 Amnesty International na shirika la Afrewatch la Kongo wakatoa ripoti iliyoeleza jinsi watoto wanavyofanya kazi katika migodi hiyo ya wachimbaji wadogo. Tangazo la kompyuta hutaja saa za chaji kwa herufi kubwa, Kolwezi haitajwi.

Lithiamu ilikuwa na hasira zake pia. Mwaka 1995 Apple walizirudisha kiwandani PowerBook 5300 baada ya betri kushika moto, wakazirudisha sokoni zikiwa na betri za nikeli zenye nguvu pungufu. Mwaka 2006 kompyuta ya Dell ililipuka moto kwenye mkutano mjini Osaka, picha zikazagaa, na Agosti mwaka huo Dell wakatangaza kuzirudisha betri milioni 4.1. Seli zake zilitengenezwa na Sony. Chembe ndogo za metali zilikuwa zimebaki ndani wakati wa kuziunda. Kampuni nyingine zilizonunua seli hizo zikafuata, Apple kwa betri milioni 1.8.

Lakini kosa kubwa zaidi la zama hizo halikuwa kwenye betri. Lilikuwa kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta.

Novemba 2000 Intel walitoa Pentium 4, iliyosukwa kwa lengo moja la kuhesabika kirahisi dukani: gigahezi nyingi. Tatizo ni kwamba kuongeza kasi hudai kuongeza volti, na volti ikipanda kidogo joto hupanda kwa mraba wake. Februari 2001 Pat Gelsinger, wakati huo mmoja wa wakuu wa teknolojia wa Intel, aliwaonya wahandisi wenzake kwamba mwendo ukibaki vile, ifikapo mwaka 2005 kila sentimita ya mraba ya prosesa itakuwa na joto la kinu cha nyuklia, na ifikapo 2015 la uso wa jua. Kampuni yake iliendelea kwa miaka mitatu mingine. Mwaka 2004 ikatoka Pentium 4 mpya yenye transista ndogo zaidi, ambazo zilitarajiwa kupunguza ulaji. Kumbe zilikuwa ndogo kiasi cha kuvujisha umeme hata zikiwa zimetulia, na kwenye mashine za mezani prosesa hiyo moja ilizidi wati 100. Iliyopangwa kuirithi ilifutwa mwaka huo huo.

Baadhi ya watengenezaji walithubutu kutia prosesa za mezani za familia hiyo ndani ya kompyuta za kupakata. Joto la kompyuta za kupakata liliingia hata kwenye majarida ya utabibu: mwaka 2002 The Lancet lilichapisha barua kuhusu mwanasayansi wa Sweden aliyeungua kwa kuandika ripoti yake akiwa ameiweka kompyuta mapajani, akiwa amevaa suruali. Aliandika kwa takriban saa moja tu. Vijitabu vya maelezo navyo viliwaonya wateja wasiviweke mapajani vifaa vilivyobuniwa kuwekwa hapo hapo.

Ukifungua mashine ya kazi ya miaka hiyo, au hata ya leo yenye feni, utaona vita dhidi ya joto ilivyopiganwa. Juu ya prosesa kuna kibamba cha shaba, kati yao ute mweupe au wa kijivu. Kutoka kwenye kibamba hicho hutoka bomba la shaba lililobanwa likawa bapa, unene wa milimita chache, likikimbilia ukingoni mwa mashine. Bomba hilo halina mdomo. Ndani hewa imenyonywa, yamebaki maji kidogo sana, na kwa kuwa hakuna hewa ya kuyakandamiza, maji hayo huchemka kwa joto dogo. Mvuke hukimbilia upande wa feni, hupoa kwenye mapezi membamba ya metali, hugeuka maji tena na kutambaa kurudi kwenye prosesa; ni mambo ya mvuke na mfuniko wa sufuria, ila haya huendelea miaka na miaka bila kuongezwa hata tone. George Grover wa maabara ya Los Alamos ndiye aliyelionyesha bomba la aina hiyo mwaka 1963, na vyombo vya angani vilitangulia kulitumia kabla ya ofisi. Wahandisi wa ThinkPad walifika mahali pa kuchonga mapanga ya feni kwa kuiga unyoya wa bundi, kwa vile bundi huruka kimya. Kwetu, ambako bundi akilia juu ya paa watu hawalali, muuzaji hana haja ya kuitangaza sifa hiyo. Adui wa mtambo wote huu ni vumbi: mapezi yakiziba, bomba halina pa kumwaga joto, na prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue.

Wokovu wa Intel ulitoka kwa kikosi chake cha Haifa, Israeli, kilichopewa kazi ambayo haikuonekana ya heshima: prosesa ya mashine za safarini. Kikosi hicho hakikuifuata Pentium 4. Kilirudi kwa Pentium III, kikaiboresha, na kuzima kila sehemu isiyokuwa na kazi kwa wakati huo. Pentium M ilitoka Machi 2003, ikitumia wati 24 na ushee huku ikishindana na ndugu zake waliokuwa na gigahezi nyingi zaidi. Ukoo wake ndio uliozaa Core 2 ya mwaka 2006 iliyoenea hadi kwenye mashine za mezani. Mtoto wa mwisho alirithi nyumba.

Hata hivyo, mbegu ya mashine baridi kabisa ilikuwa imepandwa zamani, Cambridge, Uingereza, kwa sababu za ubahili. Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn walitaka prosesa itakayofungwa kwenye plastiki, kwa kuwa ganda la kauri lilikuwa ghali, na plastiki haivumilii joto. Wakalenga isizidi wati moja. Walipoipima sampuli ya kwanza mwaka 1985, mita ilisoma sifuri. Prosesa ilikuwa inafanya kazi sawasawa, ila waya wa umeme wake haukuwa umeunganishwa. Ilikuwa ikijiendesha kwa umeme uliopenya kutoka kwenye sehemu za jirani. Prosesa hiyo, ARM, ilikwenda kuishi kwenye simu za mkononi, na baadaye ikarudi kwenye kompyuta. Novemba 2020 Apple walitoa MacBook Air yenye chipu ya M1 ya ukoo huo. Haikuwa na feni. Betri yake ni ya wati-saa 50 hivi, na kampuni ilisema inadumu saa 15 za kuperuzi intaneti, maana yake mashine nzima, kioo kikiwemo, hula wati tatu na kidogo. Intel, AMD na Qualcomm wamekuwa wakiifukuza hesabu hiyo tangu hapo.

Kuongeza betri kubwa hakukuwa njia. Kanuni za usafiri wa anga humruhusu abiria kubeba bila kuomba kibali betri isiyozidi wati-saa 100, na MacBook Pro ya inchi 16 ya mwaka 2019 iligota hapo hapo kwenye 100.

Kwa wengi Afrika Mashariki, mashine ya kazi ni ile iliyokwisha kutumika ofisini Ulaya au Marekani. Humo historia yote hii imeandikwa kwa herufi moja au mbili pembeni mwa jina la prosesa. Katika mashine nyingi za Intel za miaka ya 2013 hadi 2020, inayoishia na U iliundwa kwa wati 15 hivi, inayoishia na H au HQ kwa wati 45. Zote mbili zinaweza kubandikwa stika ya i7 na kuuzwa meza moja kwa bei inayokaribiana. Mhandisi anayechora majengo huihitaji ya pili na hukubali kutembea na chaja. Karani, mwalimu au mhariri hana sababu ya kuilipia. Betri nayo haifichi umri wake: iliyokaa imejaa chaji huku ikipata joto, hasa katika miji kama Dar es Salaam na Mombasa, huzeeka upesi, na ndiyo maana watengenezaji wengi sasa huweka mpangilio wa kuizuia isivuke asilimia 80 ikiwa imechomekwa muda wote. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti yenye namba mbili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki. Mashine iliyozaliwa na wati-saa 57 ikionyesha 31, mnunuzi ana hoja ya kushusha bei au ya kudai betri nyingine kabla hajatoa pesa.